Kuku wa Arobaini ya Mama

Mama yangu alikuwa na kilima chake kule Kinole, milimani Uluguru. Sisemi kwa kujisifu. Kwetu Waluguru ardhi hupita kwa akina mama, na kile kilima kilipita kwake na kwa dada yake mkubwa: michungwa, migomba, midalasini, na pilipili manga iliyopanda juu ya miti mpaka mtu achukue ngazi kuichuma. Baba ndiye aliyehamia kwa Mama, si Mama aliyehamia kwa Baba. Kwenye kikao cha ukoo Mama alikaa mbele, na akisema walinyamaza wamsikilize. Lakini kuku wake mwenyewe, aliyemlea tangu yungali kifaranga, hakuwa na ruhusa ya kumchinja.

Nimekua nikimwona akisimama mlangoni, kuku mkononi, kichwa chini miguu juu, akingoja mwanamume apite. Mwanamume yeyote. Awe mlevi anayerudi kilabuni, awe mgeni asiyemjua jina, awe mtoto wa darasa la pili aliyetumwa chumvi dukani, Mama alimwita: "Baba, nichinjie kuku." Na yule mtoto mwenye kamasi alishika kisu, akamkatakata kuku vibaya, na Mama akamshukuru na kumpa ndizi. Nilikuwa mdogo, na tayari jambo hilo lilinikera.

Siku kubwa kazi hiyo ilikuwa ya Mjomba, kaka yake Mama. Sisi tulikuwa Wakatoliki, yeye Mwislamu, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu karibu kila nyumba mlimani ilikuwa hivyo. Krismasi Mjomba alikuja asubuhi na kisu chake amekifunga kwenye kitambaa, akawageuza kuku upande wa kibla, akasoma bismillahi, akachinja, akanawa. Halafu sisi tulikwenda kanisani na yeye alirudi shambani. Mchana tulikula wote. Padri wa parokia alikula, mwalimu wa madrasa alikula. Sikuwahi kusikia mtu akiuliza lolote kuhusu nyama hiyo.

Halafu zikaja enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara huria.

Nilikuwa mpiga taipu kwenye kiwanda cha umma kule Kihonda, Morogoro mjini. Kiwanda kikauzwa, mwenye kununua akafunga milango, na sisi tukapewa mkono wa kwaheri. Nikakaa mjini nikitafuta kazi yoyote ya kupiga taipu, mpaka nikaambiwa kuna padri mzee anayefundisha waseminari, anatafuta mtu wa kumchapia masomo yake. Alikuwa Mluguru kama mimi, mtu wa milimani, lakini alikuwa amesoma ng'ambo miaka mingi na kukaa Yerusalemu, na kichwa chake kilikuwa kimebaki huko. Alichokipenda kuliko vyote ni mabishano ya marabi, wale walimu wa Kiyahudi wa zamani, juu ya kuchinja na juu ya sadaka za ndege.

Nilidhani ananitania. Nilimwamkia, "Shikamoo, Padri," akaitikia, "Marahaba, binti," akanipa kiti, akanisogezea mashine, na sentensi ya kwanza aliyonisomea ilihusu koromeo la njiwa.

Siku za mwanzo nilichapa bila kusikiliza. Baadaye nikaanza kusikiliza. Padri alieleza kwamba walimu wale waliuliza kila kitu. Mnyama lazima akatwe koromeo, njia ya pumzi, na umio pia, njia ya chakula. Je, ndege anatosha kukatwa kimoja? Na kama anatosha, ni chote au sehemu kubwa tu? Je, kuchinja ndege ni amri iliyotoka kwa Musa mwenyewe au ni amri ya walimu? Huyu anasema hivi, yule anasema vile, na maneno ya aliyeshindwa yanaandikwa pamoja na ya aliyeshinda. Padri alilipenda sana hilo. "Unaona, binti? Hawakumfuta mtu. Wamebishana mpaka kesho, lakini hakuna aliyefutwa."

Alinichapisha habari ya mji mmoja ambao watu wake walikula nyama ya kuku pamoja na maziwa, kwa kuwa mwalimu wao aliruhusu, wakati kwingine kote ilikuwa marufuku. Mwalimu wa mji mwingine akaenda kutembea huko, akaandaliwa hicho chakula mezani. Yeye hakula. Lakini hakuwalaani, wala hakuwatenga. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba pale ni kwa mwalimu mwingine, na huenda huyo aliwapa sababu. Nilimwomba Padri arudie sehemu hiyo, akadhani sikusikia vizuri. Nilikuwa nimesikia. Nilikuwa nafikiria mlima wetu.

Kulikuwa pia na mambo yaliyonipandisha damu. Mwanamke aliyejifungua, kama hana uwezo wa mwanakondoo, alitakiwa kupeleka Hekaluni ndege wawili, hua au makinda ya njiwa. Kuhani alimchukua ndege, hakutumia kisu, akamkata shingo kwa ukucha wa kidole gumba kutokea kisogoni. Ndani ya Hekalu kitendo hicho ni sadaka. Ukikifanya uani kwako, ndege ni kibudu, mtupie mbwa. Kitendo kilekile. Halafu kulikuwa na kurasa na kurasa za ndege waliochanganyika: mwanamke huyu kanunua wawili, mwenzake kanunua wawili, mmoja karuka akaingia kwenye kundi la mwenzake, sasa wa nani ni yupi, na wangapi waachwe wafe bila kutolewa? Nilichapa mpaka vidole vikauma, na katika kurasa zote hizo hakuna mahali palipoandikwa kwamba wale wanawake waliulizwa. Walikuwa wamesimama mlangoni na ndege mkononi, wametoka tu kumaliza damu ya uzazi, wakingoja wanaume wamalize.

Mwalimu mmoja tu nilimpenda. Wauza ndege walikuwa wamepandisha bei mpaka maskini wakashindwa, na mwalimu huyo akaapa hatalala usiku ule kabla bei haijashuka. Akaingia kufundisha kwamba mwanamke aliyezaa mara nyingi atoe sadaka moja tu, inamtosha. Bei ikashuka siku hiyohiyo. Nilipomaliza kuchapa hapo nilimwambia Padri, "Huyu alikuwa na mama." Akacheka.

Na siku moja akanisomea kwamba sheria yao ya mwanzo ilisema wote wanaweza kuchinja. Wote, isipokuwa asiye na akili timamu, na bubu kiziwi, na mtoto mdogo, kwa kuwa wanaweza kuharibu. Nikasimamisha vidole.

"Na mwanamke?"

"Mwanamke yumo. Imesemwa wote."

"Mtoto hapana, mwanamke ndiyo?"

"Ndiyo. Baadaye sana, huko Ulaya, wakaanzisha desturi kwamba wanawake wasichinje. Wengine walisema wanawake huzimia wakiona damu."

Nikamtazama mzee yule aliyezaliwa na mwanamke kwenye kitanda cha kamba mlimani. "Padri, damu ipi hiyo ambayo sisi hatujaiona?"

Alikohoa, akageuza karatasi.

Wakati mimi nachapa, nyumbani mambo yalikuwa yanageuka. Kaka yangu alikuwa akiuza mitumba Morogoro mjini, akaingia kwenye mikutano ya injili iliyokuwa ikipigwa uwanjani kwa vipaza sauti, akaokoka, akaacha Ukatoliki. Sikumlaumu, aliacha na pombe pia. Binamu yangu, mtoto wa Mjomba, alikuwa na meza ya kanda za kaseti karibu na stendi. Alianza na kanda za muziki, akaja kuuza kanda za mihadhara, na mwishowe akawa anazisikiliza yeye mwenyewe kutwa nzima, za Wakristo na za Waislamu, watu wakichambua vitabu vya wenzao na umati ukishangilia. Hawa wawili walikuwa wamelala mkeka mmoja utotoni. Waliiba machungwa pamoja wakachapwa pamoja. Sasa walipokutana waliulizana aya.

Mama aliwasikiliza mara moja wakibishana barazani kwake, akawaambia, "Nendeni mkabishane kwenye shamba la mtu mwingine." Hawakurudia mbele yake. Mwaka uliofuata, mvua za masika zilipokuwa zinaisha, Mama akaugua homa, na kabla gari la kumteremsha mjini halijapatikana akafariki.

Tulimzika vizuri. Kwenye mazishi watu walikula ugali na maharage, hakukuwa na neno. Ugomvi ulikuja kwenye arobaini.

Arobaini kwetu ni siku ya kumaliza msiba, na lazima watu wale nyama. Mama mkubwa, yaani dada yake Mama, alisema hatuna haja ya kununua chochote. Marehemu ameacha kuku, ndio watakaoliwa. Basi asubuhi ile kuku wa Mama walikuwa wamefungwa miguu kwa kamba za mgomba, wamelazwa chini ya upenu. Niliwajua mmoja mmoja. Kulikuwa na jike jeusi ambalo Mama alikuwa akiliita shemeji. Wanawake tulikuwa jikoni tangu alfajiri, maji ya kunyonyolea yako motoni, nazi zinakunwa, mchele unachaguliwa. Wageni walikuwa wanaingia kutoka vijiji vya ng'ambo ya bonde.

Mjomba hakuweza kuchinja. Kifua kilikuwa kimemkamata, alilala chumba cha ndani, mlango wazi, akikohoa. Kwa hiyo binamu akatoka na kisu cha baba yake.

Kaka akamzuia. Hakupaza sauti. "Ndugu yangu, samahani. Nyama iliyochinjwa kwa dua ya dini nyingine mimi siili. Na huyu ni mama yangu. Siwezi kuja kwenye arobaini ya mama yangu nikashinda njaa."

"Kwa hiyo uchinje wewe?"

"Nichinje mimi."

"Na mimi nile kibudu? Nyumbani kwa shangazi yangu?"

"Sio kibudu."

"Kwangu ni kibudu."

Katekista wa kijiji, mzee mpole, akajaribu kusema kwamba Kanisa halina shida na binamu kuchinja, miaka yote imekuwa hivyo. Kaka akamjibu kwamba yeye hayumo tena kwenye Kanisa hilo. Mtu mwingine akashauri wagawane, nusu wachinje hawa, nusu wale. Wakakubali, kisha wakaanza kubishana juu ya kisu, kama ni kimoja au viwili. Vikapatikana viwili. Wakahamia kwenye sufuria. Kulikuwa na sufuria kubwa moja tu, ya kuazima shuleni. Wakahamia kwenye maji ya kunyonyolea, kama yakitumika kwa kuku wa huku yanaweza kutumika kwa kuku wa kule. Wanaume wengine wakajiunga, kila mmoja na alilolisikia kwenye kanda au kwenye mkutano. Mmoja alikuwa hajawahi kuingia msikitini wala kanisani tangu nimjue, naye akatoa hukumu.

Jua likapanda. Maji yakachemka, yakapoa, tukayachemsha tena. Kuku walikuwa wametoa ndimi nje kwa joto, na hakuna hata mmoja wa wale waheshimiwa aliyefikiria kuwasogeza kivulini. Watoto walikuwa wanalia njaa. Bibi mmoja aliyetembea tangu asubuhi kutoka ng'ambo ya bonde aliniuliza kama anaweza kupewa japo uji. Nilikwenda kumpa uji, na nikiwa nimeshika kikombe nikamsikia binamu akisema, kwa sauti ya mtu anayefurahia, "Tuanze upya. Hoja ya kwanza."

Hapo ndipo kitu kikakatika ndani yangu.

Hawa watu hawakuwahi kuwapa kuku wale hata punje ya mahindi. Hawakuwahi kuamka kufukuza kicheche. Mama alikuwa kaburini nyuma ya nyumba, udongo haujakauka sawasawa, na wao wanasema hoja ya kwanza. Nilirudi jikoni nikachukua kisu cha kukatia nyama. Nikakinoa mara mbili tatu kwenye jiwe la mlangoni. Nikaenda upenuni, nikapiga goti, nikamkanyaga kuku wa kwanza mabawa kama nilivyomwona Mjomba akifanya tangu utoto, nikavuta shingo.

Nilisema, "Kwa jina la Mungu." Nikakata.

Wa kwanza hakwenda vizuri. Manyoya yalizuia kisu, ikabidi nirudie, na hilo linaniuma mpaka leo kwa ajili ya kuku yule. Wa pili nilimnyonyoa kidogo shingoni kwanza, akaenda mara moja. Wa tatu vilevile. Shemeji mweusi nilimwacha, sikuweza. Damu ilinirukia kwenye kanga. Sikuzimia.

Nilipoinua kichwa, baraza lote lilikuwa limenigeukia. Binamu alikuwa wa kwanza kusema.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimechinja kuku."

"Mwanamke hachinji," kaka alisema. "Hata kwetu sisi. Unaleta mkosi kwenye msiba wa Mama."

"Kwenu wapi? Nionyeshe palipoandikwa."

Hakunionyesha. Alimgeukia binamu, na binamu akamgeukia yeye, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri wakatazamana kama ndugu. "Hii nyama hailiki," binamu alisema. Kaka akatikisa kichwa kukubali. "Hailiki kabisa. Ifukiwe." Wanaume waliowazunguka wakaitikia kwamba ndiyo, ndiyo, ifukiwe. Walipatana kwa muda mfupi kuliko waliotumia kubishania sufuria. Nilicheka, kicheko kibaya, wengine wakadhani nimepagawa.

Mama mkubwa alitoka jikoni akijifuta mikono. Alitazama kuku, akanitazama mimi. "Maji yamechemka mara ya tatu," alisema. "Leteni hao kuku kabla hayajapoa." Wanawake wakaja, wakawabeba.

Tuliwapika kwa nazi na pilipili manga ya Mama mwenyewe. Wanawake wa Kikatoliki walikula. Katekista alitazama kushoto na kulia, akala. Bibi wa ng'ambo ya bonde alikula akalamba vidole. Mke wa Mjomba, ambaye ni Mwislamu anayesali swala zote, alinishika mkono jikoni akaniambia, "Mwanangu, mimi hii sitakula, nitakula wali na mchicha. Lakini sikusemi." Kukataa kwake hakukuniuma hata kidogo. Alikuwa na njia yake, akaishika, na akaniacha na yangu. Kama wale wanaume wangejua kusema maneno hayo machache, tungekuwa tumekula mapema na kwenda kaburini.

Wao walikula wali na maharage, wakiwa wamenuna. Jioni wakaitisha kikao cha ukoo. Nikaambiwa niombe radhi na nitoe faini ya kuku mmoja.

"Na huyo kuku wa faini," nikauliza, "atachinjwa na nani?"

Niliondoka kikaoni, sikuomba radhi, sikutoa kuku. Asubuhi nikapanda gari la machungwa kurudi mjini.

Mtu niliyetaka kumsimulia alikuwa Padri. Njia nzima nilikuwa naona uso wake. Huyu, nilijiambia, atanielewa. Ndiye aliyenisomea kwamba wote wanaweza kuchinja. Nilimsimulia yote bila kukaa kitini. Macho yake yaling'aa kama ya mtoto aliyeletewa pipi.

"Kisu ulikikagua?" aliuliza. "Ulipitisha ukucha kuona kama makali yana pengo? Walimu wale waliligombania sana pengo."

"Nilikinoa."

"Na wa kwanza, ulirudia. Kwa hiyo kulikuwa na kusimama katikati. Hapo kuna tatizo, kwa sababu wengine wanasema kusimama kwa muda fulani kunabatilisha. Ulikata koromeo au umio?"

"Padri, nimemaliza arobaini ya mama yangu."

"Najua, binti, pole sana. Lakini ni koromeo au..."

Karatasi ilikuwa kwenye mashine, nusu imechapwa tangu kabla ya safari. Niliiacha hapo hapo. Nilichukua mkoba wangu, nikatoka, na sikumuaga. Nilikuwa na hasira naye kuliko niliyokuwa nayo kwa kaka na binamu, kwa sababu kwao sikutarajia chochote.

Alituma mtu kuniita, sikwenda. Akatuma tena. Nilipokwenda, ilikuwa kwa sababu sikupenda kuacha kazi nusu. Alikuwa amekonda. Alinipa pole ya Mama, safari hii vizuri, akaniuliza alikuwa mtu wa namna gani, nami nikamweleza. Kisha akasema, "Nimefikiri. Nikifika kwenye ile desturi ya Ulaya ya kuwazuia wanawake, nitawaambia wanafunzi kwamba haikuwa na msingi."

"Darasani kwako kuna wanawake, Padri?"

Aliangalia chini. "Hamna. Ni seminari."

"Haya. Soma, nikuchapie."

Tulimaliza masomo yale, kila mtu na lake moyoni. Aliendelea kufundisha mpaka macho yakamwisha, na sijui waseminari wale walikumbuka nini.

Kwa Mjomba nilichelewa kwenda. Nilisikia hali yake inazidi kuwa mbaya, nikapanda Kinole na dawa ya kifua. Alikuwa amelazwa palepale, chumba cha ndani, dirisha limefunguliwa kuelekea kwenye michungwa. Binamu alikuwa mjini.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mchinjaji."

Nilidhani ananisema. Lakini alikuwa anatabasamu. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikammiminia dawa. Alipoimeza alipumzika kidogo, kisha akaanza kusema mwenyewe, sikumuuliza.

"Mwanamke kuchinja si haramu. Sheikh aliyenisomesha alisema hivyo, na wanazuoni wakubwa wamesema hivyo. Mwanamke Mwislamu akisoma bismillahi, alichochinja kinalika. Na ninyi Wakristo, wenye kitabu chenu, hapo kuna maneno, wapo waliokubali, wapo waliokataa. Tulikuwa tukibishana hayo zamani, usiku mzima, kisha tunakunywa kahawa."

"Sasa nani aliyemkataza Mama?"

"Sisi." Alikohoa. "Desturi tu. Tulizoea."

Nilimwona Mama mlangoni, kuku mkononi, akimwita mtoto wa darasa la pili "baba". Maisha yake yote. Kwa sababu walizoea.

"Mjomba, siku ile ya arobaini ulikuwa hapa. Mlango ulikuwa wazi. Ulisikia yote."

"Nilisikia."

"Neno lako moja lingetosha. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo."

Mikono yake ilikuwa juu ya shuka, myembamba, ile mikono iliyochinja Krismasi zetu zote. "Niliogopa," alisema. "Kijana wangu sasa ndiye anayejua dini. Ana kanda. Mimi akinisikiliza huniambia, baba, hayo ni ya zamani. Nilifikiri nikisema, atanijibu mbele za watu."

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilimhurumia baadaye, wakati ule hapana. Wakati ule nilimwambia, "Kwa hiyo uliacha nijibiwe mimi." Nilimgeuza upande wa pili ili apumue vizuri, nikamwekea mto mgongoni, nikamwachia chupa ya dawa karibu na mkono. Aliniomba nibaki nile chakula cha mchana. Nikamwambia gari litaniacha, na gari lilikuwa bado halijapakia hata tenga moja. Alifariki kabla ya msimu mwingine wa machungwa.

Mimi nilianza kufuga kuku kule Kihonda, kuku wa kisasa, kwenye banda la nyuma ya nyumba niliyopanga. Niliwauza wazima. Mteja akiniuliza kama naweza kumchinjia, nilimwuliza, "Unajali ni nani anayechinja?" Akisema anajali, nilimfungia kuku wake kamba, akaenda naye. Akisema hajali, nilichinja, na nilichinja vizuri, kisu nimekikagua kwa ukucha. Kwenye ukoo wakapitisha kwamba shughuli zote ziwe na wachinjaji wawili, sufuria mbili na moto mara mbili. Kuni ni za wanawake kuzitafuta, kwa hiyo hilo halikumsumbua mtu.

Halafu, baada ya miaka mingi, mjukuu wa Mjomba, binti wa binamu yangu, akaolewa, na sherehe ikafanyika kwenye ukumbi mjini. Kulikuwa na taa za rangi na muziki, na chakula cha kupanga foleni. Nilikaa meza moja na kaka na binamu. Sasa walikuwa na mvi wote wawili, na walikuwa wamerudia kuongea, ya biashara na ya mpira. Mbele ya kila mmoja kulikuwa na paja la kuku, jeupe, kubwa kuliko paja la kuku yeyote aliyewahi kutembea Uluguru. Nilikuwa nimepita jikoni. Niliyaona makasha matupu yamerundikwa nyuma ya mlango, yameloa barafu, yameandikwa lugha ambayo hakuna mtu ukumbini aliyeijua. Kuku wa kugandishwa waliokuja kwa meli, mjini walikuwa wamejaa wakati huo.

Kaka alikuwa amelitafuna paja lake nusu. Binamu alikuwa anavunja mfupa.

"Huyu kuku," nikasema, "amechinjwa na nani?"

Binamu alisimamisha mkono. Kaka akaangalia sahani yake. Najua wote wawili walinielewa, kwa sababu hakuna aliyeuliza ninamaanisha nini.

"Dada," binamu alisema taratibu, "leo ni harusi ya mwanangu. Usianze."

"Sianzi. Nauliza tu. Alitamkiwa jina la nani? Aliyemshika ni mwanamume au mwanamke? Au ni mashine?"

"Wenye ukumbi ndio walioleta chakula," kaka akasema. "Sisi tumelipia tu."

Nilikuwa na maneno mengi zaidi ya hayo. Yalikuwa yamekaa kifuani miaka yote, nayajua kwa mpangilio, na sahani zao zilikuwa mbele yangu. Lakini watu walianza kusimama, muziki ukabadilika, bibi harusi alikuwa anaingia na uso umejaa furaha. Nikasimama na wengine nikapiga makofi. Nilipokaa tena, paja la binamu lilikuwa limefunikwa na kitambaa cha karatasi, na la kaka lilikuwa limeisha.